Anwani Bila Sauti

Kiti cha Edina kilikaa mlangoni, chini ya feni ambayo haikuzunguka tangu Pasaka. Akikaa pale aliziona mashine zote saba za intaneti kafe ya Nassib, na akigeuza shingo kidogo aliiona barabara ya Ujiji ikiteremka hadi kwenye kipande cha ziwa kilichobanwa katikati ya mapaa mawili ya bati, kama kitambaa cha buluu kilichoanikwa kikasahauliwa. Lakini hakukichagua kiti kile kwa ajili ya ziwa. Alikichagua kwa ajili ya miguu. Pale mlangoni aliweza kuinyoosha yote miwili hadi katikati ya njia, na mteja akitaka kuingia sharti airuke.

"Mama Edina, hapa pamewekwa kizuizi?" watu walimwuliza.

"Kipo. Toa leseni."

Mwaka ule wa 2004 alikuwa na miaka arobaini na saba, na uchovu wake haukuwa wa siku moja. Ulimwingia kidogo kidogo, kama unyevu unavyopanda ukuta wa udongo, hata akawa hakumbuki tena alivyokuwa kabla yake. Akiamka alikuwa amechoka. Akipumzika, alichoka kupumzika. Daktari alimwambia apunguze chumvi na asisimame sana. Chumvi aliipunguza.

Alizaliwa Mwamgongo, kwa wavuvi, kaskazini ya Gombe, ambako mtu hafiki ila kwa boti au kwa kupanda na kushuka milima. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili aliajiriwa mjini Kigoma kukaa kwenye redio kol, ile simu ya upepo iliyounganisha ofisi za mjini na vijiji vya mwambao. Alikaa miaka kumi na tisa katika chumba chenye dirisha moja, kidole kwenye kitufe, akipitisha maneno ya watu. Mjamzito anatoka damu, leteni boti. Mwalimu amefiwa. Mtumbwi ulioondoka jana haujafika. Ukitaka kusema unabonyeza, ukitaka kusikia unaachia, na mkibonyeza wote wawili kwa pamoja hakuna anayemsikia mwenzake.

Mwaka wa tisini na sita, watu walipomiminika kutoka Burundi na kutoka Kongo, ni yeye aliyepokea hesabu zao kutoka kila kijiji. Wamefika themanini, hawana mablanketi. Wamefika mia mbili, watoto wengi hawana wazazi. Aliandika, akapitisha, akaandika tena. Nyumbani kwake walilala watu kumi na mmoja kwa miezi minne. Kisha mumewe akafariki, kisha simu za mkononi zikaja, kisha redio kol ikafungwa, naye akapewa barua ya shukrani na saa ya ukutani. Nassib, mfanyabiashara wa Ujiji, alipofungua intaneti kafe yake alimwita, akasema anataka mtu aliyezoea kukaa na mitambo bila kuipiga makofi.

Kazi haikuwa ngumu. Mashine zilikuwa kuukuu, zimeletwa kwa meli zikiwa tayari zimechoka kama yeye, na mtandao uliopitia dishi la juu ya paa ulikuwa mwembamba. Erick, fundi wa kompyuta aliyehamishiwa halmashauri kutoka Iringa, alikuja mara moja kwa wiki kuzifufua. Ni yeye aliyetengeneza ukurasa wa kusikilizia redio za kwenye intaneti. Mwanzoni aliziweka redio ziimbe ndani ya ukurasa wenyewe, na kila mtu aliyefungua moja mashine yake iliganda, asiweze hata kuifunga. Basi Erick akabadilisha. Sasa ukurasa ulikuwa na orodha tu ya majina ya redio za nchi mbalimbali. Ukibonyeza jina moja, pembeni kilifunguka kidirisha cheusi cha programu nyingine, nacho ndicho kilichoimba. Edina aliona kuwa mashine hazigandi tena, akaridhika. Hakuuliza zaidi.

Jina lililobonyezwa kuliko yote lilikuwa la redio moja ya Warundi walioishi Ulaya. Ilikuwa na kipindi cha nusu saa cha watu waliopotezana. Zamani kilisikika kwenye masafa mafupi, kila mwenye redio na betri alikisikia. Baadaye wenye redio waliishiwa uwezo wa kurusha, wakahamia kwenye intaneti. Kila Alhamisi saa sita mchana waliweka kipindi kipya na kukiondoa cha zamani. Wakimbizi wa kambi za Kasulu hawakuwa na intaneti, kwa hiyo wale waliobahatika kupata kibali cha kuja mjini walifika kwa Nassib wakiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, wakasikiliza kwa niaba ya wenzao, wakarudi na majina vichwani.

Ndivyo alivyokuja Anatoli, Jumamosi moja.

"Amahoro, mawe," alisema, yaani amani, mama, akasimama mbele ya miguu ya Edina bila kuiruka.

Edina alimjibu kwa Kiha, na yeye akaendelea kwa Kirundi, kwa kuwa lugha hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja na hakuna aliyehitaji mkalimani. Alikuwa mzee mwembamba, amevaa koti la mtu mnene. Kibali chake kilikuwa cha siku mbili, na moja ilikwisha njiani. Jirani yake kambini alikuja mjini Alhamisi, akarudi usiku ule ule na habari kwamba amemsikia binti akijitaja kuwa ni Leonida wa Anatoli.

"Una binti wa jina hilo?"

"Nilikuwa naye."

Edina alimketisha kwenye mashine ya tatu, akambonyezea, akamvalisha hedifoni, akarudi kwenye kiti. Kwa nusu saa aliuona mgongo tu wa lile koti. Halikutikisika. Mwishowe mzee alivua hedifoni taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayetua chungu chenye moto.

"Ni yeye," alisema. "Yuko Zambia. Anamsalimu mama yake."

Ndipo alipomweleza. Leonida alikuwa na miaka kumi na mmoja walipovuka. Yeye Anatoli alitangulia na wadogo, mkewe Verediana akafuata na Leonida, kisha risasi, kisha kila mtu upande wake. Miaka minane sasa. Ofisi ya kutafuta waliopotezana ilikuwa na fomu yake, na fomu ilitaka maelezo ya mama, kwa sababu ndiye aliyekuwa na mtoto siku ile. Mara ya kwanza Verediana alijaza, akaletewa binti mwenye jina lile lile. Alimtazama usoni akasema huyu siye, na yule binti wa watu alilia mpaka akatapika. Mara ya pili alijaza, akaambiwa kuna kaburi mahali fulani. Baadaye ikajulikana kaburi si lake. Tangu hapo aliapa hatajaza fomu ya mtu yeyote mpaka amsikie mwanawe kwa masikio yake mwenyewe.

"Nipe hii sauti nimpelekee," Anatoli alisema. "Kambini kuna mwalimu ana kompyuta."

Siku ile foleni ilifika nje, mashine ya sita ilikuwa imezimika, na miguu ya Edina ilikuwa imejaa kama mikate iliyoumuka. Alichukua disketi, akaichomeka, akabonyeza ile linki, akachagua kuhifadhi. Kazi ilikwisha kabla hajavuta pumzi. Nusu saa ya sauti iliingia kwa kufumba na kufumbua, naye aliupokea wepesi ule kama mtu anayepokea huruma, bila kuuliza imetoka wapi. Alimkabidhi mzee disketi. Mzee aliifunga kwenye leso, akaitia kifuani, akatoka akitembea kwa hadhari, kama aliyebeba yai.

Jumatano iliyofuata, umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi, Oswald aliruka miguu yake na kuingia. Huyu aliendesha lori la kupeleka unga na maharage kambini, na mifuko ya shati lake haikukosa barua za watu.

"Shikamoo, Mama Edina. Una barua."

"Marahaba. Nani ananiandikia mimi?"

"Fungua ujue. Mimi ni posta tu, sisomi."

Ilikuwa ya Anatoli, kwa Kiswahili cha herufi kubwa kubwa.

*Mama Edina, salamu. Disketi ilifika salama. Mwalimu aliifungua, majirani wote wakiwepo, na mama Leonida alikaa mbele. Kidirisha cheusi kilifunguka kikasema hakioni njia. Mwalimu alitazama ndani akakuta mstari mmoja wa maandishi. Sauti hakuna. Watu waliondoka mmoja mmoja. Mama Leonida hakunigombeza. Aliniuliza tu, mbona na wewe. Tangu hapo hasemi na mimi. Kibali kingine sipati mpaka mwezi ujao. Mama, kama ile sauti bado ipo mahali, nisaidie. Ni mimi, Anatoli.*

Edina aliisoma mara mbili. Yale maneno matatu, mbona na wewe, aliyasoma mara ya tatu.

"Unarudi lini kambini?" alimwuliza Oswald.

"Kesho saa nane mchana. Nikichelewa nalala Kasulu."

Alhamisi. Saa sita kipindi kingeondolewa.

Alimpigia simu Erick, ambaye wiki ile alikuwa Kalinzi, juu milimani, akifunga kompyuta ya chama cha wakulima wa kahawa.

"Shikamoo, mama! Ngoja nipande kwenye jiwe. Huku mtandao unapatikana juu ya jiwe tu."

"Panda."

"Nimepanda. Nani amekufa?"

"Hakuna. Ile linki ya redio ya Warundi, niliihifadhi kwenye disketi, nikampa mtu. Haikuimba."

Erick alicheka, kisha kicheko kikakatika.

"Mama, mle kwenye ukurasa wangu hamna sauti hata moja. Linki inaita programu ya nje na kuikabidhi kikaratasi chenye anwani. Basi. Programu ndiyo inayoifuata sauti huko Ulaya iliko, inaivuta kidogo kidogo, inaimba, inaitupa. Wewe ulimpa mtu kile kikaratasi."

"Nilimpa anwani."

"Anwani tupu. Na kambini hamna njia ya kuifikia."

Edina alimwona akilini Verediana, mwanamke ambaye hakuwahi kukutana naye, amekaa mbele ya kioo cha kompyuta na majirani nyuma yake, akisubiri mstari mmoja wa herufi useme.

"Sasa hiyo sauti yenyewe naihifadhije?"

"Huwezi. Wenye redio wamefunga, inasikika lakini haihifadhiki. Labda uirekodi kwenye kaseti. Tafuta redio kaseti yenye tundu la kuingizia sauti, na waya wa vichwa viwili. Kimoja kwenye tundu la hedifoni la kompyuta, kingine kwenye redio. Ila mtandao wenu ni uzi, mama. Watu saba wakiwa juu yake itakatika kila neno. Wafukuze wote."

"Nassib atanifukuza mimi."

"Anza kumfukuza yeye."

Alhamisi umeme haukurudi hadi saa nne na nusu. Edina alikuwa amekaa pale tangu saa mbili, kaseti tupu mapajani, waya alionunua kwa fundi redio wa sokoni umezungushwa mkononi kama bangili. Redio kaseti nzuri ilikuwa moja tu, ya Nassib mwenyewe, iliyoimba taarabu dukani kutwa nzima. Taa zilipowaka wateja waliingia kwa mkupuo, wakaruka miguu, wakakaa. Ndipo Edina akasimama. Watu waligeuka, maana wengine hawakuwahi kumwona akiwa wima.

"Jamani, naomba mashine zote zizimwe. Nahitaji mtandao peke yangu kwa nusu saa."

"Mama, mimi nina fomu ya wizara hapa!" alisema Bonifasi, mwalimu wa sekondari aliyekuwa akiomba uhamisho. "Nikizima inafutika yote."

"Umeshaandika nini?"

"Jina."

"Hilo nadhani utalikumbuka."

Watu walicheka, na kicheko kile kilimtoa Nassib chumba cha nyuma, miwani kwenye paji la uso.

"Dada Edina, hili ni duka au ofisi ya wakimbizi?"

"Leo ni vyote viwili. Na redio yako naiomba."

"Redio yangu! Bibi wee, tangu nizaliwe watu wanavuka ziwa hili. Tutawabeba mpaka lini? Huchoki?"

"Nimechoka, Nassib. Nimechoka kuliko wewe na baba yako. Babu yako alivuka kutoka wapi?"

"Usinianze na babu yangu."

"Basi lete redio."

Nassib alitazama wateja, akatazama miguu ya Edina iliyofurika juu ya kandambili, akaguna. Alitoa kaseti ya taarabu, akaifuta vumbi kwa kanzu, akaitia mfukoni. Kisha akaenda kukaa kwenye kile kiti cha mlangoni, akanyoosha miguu, akawa anawazuia waliokuja. "Pamefungwa. Kuna msiba wa mtambo. Rudi saa saba."

Edina aliunganisha waya. Alibonyeza linki. Kidirisha cheusi kilifunguka, nambari za dakika zikaanza kuhesabu, na sauti ya mtangazaji ikatoka kwenye redio ya Nassib, nzito, ikikatika na kuungana. Alijaribu kuruka mbele ili afike upesi alipo binti. Kidirisha kiliganda. Ikabidi aanze tena mwanzo na kusubiri. Majina yalipita. Mwanamume anatafuta kaka yake. Bibi anatafuta wajukuu wanne, akawataja, akasahau mmoja, akamkumbuka. Hakuna aliyezima mashine akaondoka. Walikaa kwenye viti vyao mbele ya vioo vyeusi, wakisikiliza, hata wale wasiojua neno la Kirundi.

Dakika ya kumi na nane ikaja.

"Mimi ni Leonida, binti wa Anatoli na Verediana..."

Edina alibonyeza kitufe cha kurekodi. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzima, ya chini, yenye mkwaruzo kidogo. Alisema yuko Zambia, ana mtoto. Mtandao ulipokatika, Edina alishika kitufe cha kusimamisha kaseti kwa muda. Uliporudi, aliachia. Kidole chake kilifanya kazi hiyo chenyewe, kama kilivyoifanya miaka kumi na tisa, naye akaona fahari ndogo ikimpanda kifuani, fahari ambayo hakuwa ameionja siku nyingi. Kimya, shika. Sauti, achia. Mtangazaji aliuliza kama ana neno kwa mama yake, na binti akaanza kitu kama wimbo, maneno mafupi mafupi, kimya, maneno, kimya. Shika, achia, shika, achia. Mpaka mwisho.

Alirudisha kaseti nyuma akaisikiliza. Sehemu ya mazungumzo ilikuwa safi. Lakini ule wimbo ulitoka mbio mbio, neno likikanyaga neno, kama mtu aliyerukwa na akili.

"Huyo anakimbizwa?" aliuliza Bonifasi.

Edina alifunga macho. Aliwaona wanawake wawili wazee uani kwa bibi yake, mmoja ametoka upande wa pili wa mpaka, wameshikana mikono kwenye viwiko, paji la uso kwa paji la uso. Mmoja anatupa maneno kwa sauti ya nusu kuimba, mwingine anayadaka na kuyarudisha, anatupa, anadaka, salamu ndefu isiyokwisha, ya habari za ng'ombe na watoto na mvua. Warundi huiita akazehe. Wanawake huifundisha binti zao. Na haifanywi na mtu mmoja.

Leonida aliifanya peke yake. Alitupa neno, akanyamaza, akampa mama yake nafasi ya kudaka. Akatupa lingine, akanyamaza. Na Edina, kwa kidole chake hodari, alizikata zile nafasi zote akidhani ni mtandao.

Alitazama saa. Tano na dakika kumi na nane.

"Narudia," alisema.

"Mama!" watu walilalamika kwa pamoja.

"Narudia. Nimekosea."

"Umekosea nini? Tumesikia yote," Nassib alisema kutoka mlangoni.

"Nimemkata mama yake."

Hawakumwelewa, lakini jinsi alivyolisema hakuna aliyebisha. Alianza tena mwanzo. Mara hii hakusikiliza kwa masikio peke yake, alikodolea macho zile nambari za dakika kwenye kidirisha cheusi. Nambari zikisimama, ni mtandao; alishika. Nambari zikienda na sauti haipo, ni Leonida anayengoja. Aliacha kaseti izunguke na kimya chake. Mtandao ulisuasua. Dakika ya tisa ilichukua dakika tatu kupita. Jasho lilimtiririka shingoni na miguu ikawaka moto, maana alikuwa amesimama wakati wote huo akiogopa kwamba akikaa atapoteza nambari. Bonifasi aliinuka, akamsukumia kiti nyuma ya magoti. Hakukikalia.

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili, binti akataja jina lake. Kasoro saba, akaanza kuimba. Kimya cha kwanza kilikuwa kirefu kuliko Edina alivyodhani. Katika kafe nzima ilisikika kaseti tu ikizunguka. Mwanamke mmoja kwenye mashine ya tano, aliyefunga kitenge cha kijani, alifungua mdomo kama anayetaka kujibu, akaufunga kwa kiganja. Kimya cha pili. Cha tatu. Mwishoni sauti ya Leonida iliteleza, ikashuka, mtangazaji akakohoa akasema tunakushukuru dada yetu.

Edina alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Saa sita na dakika tano alifungua ukurasa tena ili ajaribu kuunganisha kipande kimoja kilichokwaruza. Linki ilikuwa ile ile, kidirisha kilikuwa kile kile, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya watu wengine wanaowatafuta wengine.

Oswald alifika saa nane kasoro. Edina alimkabidhi kaseti na maelezo: waitumie redio yenye betri mpya, na wasimwambie mama Leonida kitu chochote kabla, wamketishe tu.

"Umeshaijaribu hii?" Oswald aliuliza. "Ile nyingine uliijaribu?"

"Ile sikuijaribu."

Oswald, aliyemjua, aliitia kaseti mfukoni na hakumchokoza. Jioni ile Edina alikwenda nyumbani kwa kusimama mara sita njiani. Alilala bila kuvua kandambili.

Zilipita siku tano. Alirudi kwenye kiti chake na wateja wakaruka miguu. Bonifasi alijaza fomu yake yote, umeme ukakatika kabla hajaituma, akaja kumlaumu, wakacheka. Lakini kila lori lililopita barabarani lilimkaza moyo. Alijiambia kwamba sauti ya mtoto wa miaka kumi na mmoja si sauti ya mwanamke wa kumi na tisa. Alijiambia kwamba mama anaweza kusikia mara moja akasema huyu siye, kama alivyosema mara ya kwanza, na hapo hapatakuwa na la kurudia.

Jumanne Oswald akaingia. Hakuleta barua. Alivuta benchi, akakaa, akavua kofia.

"Sema," Edina alisema.

"Walimketisha mlangoni kwake. Mzee Anatoli akaweka redio juu ya kinu. Yule mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho. Binti akajitaja, hakuinua macho. Akasema ana mtoto, akaendelea kuchambua. Mimi nikasema moyoni, imekwisha hii."

"Halafu?"

"Halafu binti akaanza ule wimbo. Akanyamaza. Mama akanyamaza. Binti akaimba tena, akanyamaza. Mama akaacha maharage. Mara ya tatu, binti aliponyamaza, yule mama akajibu."

Edina alishika ukingo wa kiti.

"Alimjibuje?"

"Mimi sijui Kirundi hicho cha ndani. Alijibu vile wanavyojibu. Sauti yake imekauka, lakini aliingia pale pale penye nafasi na kutoka pale pale. Mpaka mwisho. Kisha akasema rudisha. Wakarudisha, akajibu tena. Mara ya nne betri zikalegea, mpya hatukupata, binti akaanza kuimba kwa sauti ya dume, na mama akacheka. Watu wa jirani walitoka nje kutazama nani anacheka."

"Na fomu?"

"Asubuhi yake alikwenda mwenyewe, mzee akimfuata nyuma. Alisema kila kitu, njia waliyopita, nguo aliyovaa mtoto, kila kitu. Akataka na yule mjukuu aandikwe humo humo." Oswald alikuna kichwa. "Wakamwuliza jina lake nani. Hajui. Kwenye kaseti Leonida hakulitaja."

"Hakulitaja," Edina alisema. "Nilisikiliza mara mbili."

"Basi karani akamwambia wataacha nafasi wazi, watalijaza likija."

"Wataacha nafasi," alisema Edina, naye akafumba macho kidogo, mchana mweupe, wateja wakipita.